Mgongo unaouma miezi nenda miezi rudi: jinsi ya kuutunza bila kupasuliwa

Wengi wanaoingia katika chumba changu cha fiziotherapia hapa Umoja hutanguliza bahasha. Ni bahasha kubwa, ngumu, jina limeandikwa kwa wino mzito, na ndani yake mna picha ya MRI iliyokula akiba ya chama au mkopo wa simu. Kabla hatujamaliza kusalimiana mgonjwa ashasema: "Daktari, diski imetoka. Nimeambiwa nipasuliwe." Mimi si daktari, ni fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, lakini nimeshachoka kusahihisha hilo. Naiweka bahasha mezani bila kuifungua, namuuliza: "Ni kitu gani ulikuwa ukikifanya mwaka juzi ambacho leo hukiwezi?"

Maumivu ya mgongo huitwa sugu yakipita miezi mitatu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo. Kati ya kila kumi, tisa hivi hawana sababu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole: hakuna mfupa uliovunjika, hakuna uvimbe, hakuna maambukizi. Hao tisa hawahitaji kisu. Wanachohitaji ni kuurudishia mgongo kazi yake kwa kipimo, na hapo kwenye kipimo ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu mtu wa Nairobi hujua mambo mawili tu: kulala akisubiri nafuu, au kuamka siku moja yenye nafuu na kufua mablanketi yote ya nyumba.

Hatua ya 1: Hakikisha huna ugonjwa mwingine uliojificha

Kuna watu ambao hawapaswi kuendelea kusoma hapa. Ukihisi ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, pale panapogusa kiti cha boda boda, au mkojo umegoma kutoka, au unatoka bila wewe kujua, au choo kimekuwa hivyo hivyo, au mguu unapoteza nguvu kiasi kwamba kidole gumba kinakwaruza chini ukitembea, nenda sehemu ya dharura ya hospitali kubwa leo hii, hata kama ni saa nane za usiku. Neva za chini ya uti wa mgongo zimebanwa. Zikikaa hivyo, mkojo unaweza usirudi tena kuwa chini ya amri yako. Huyo ndiye mgonjwa wa kisu, na asicheleweshwe na mtu yeyote, mimi nikiwemo.

Wengine hawana dharura ya saa, ila waonane na daktari wiki hii. Jasho la usiku linalolowesha shuka, homa za jioni, kupungua mwili bila sababu: kifua kikuu hukaa pia kwenye pingili za mgongo, na huanza kimya kimya kama maumivu ya kawaida, mara nyingine bila kikohozi. Dawa zake katika vituo vya serikali ni bure, na wengi hupona kwa vidonge. Ukinywa maziwa mabichi, au ukifanya kazi na mifugo, na homa inakuja na kuondoka pamoja na maumivu ya viungo, omba kipimo cha damu cha brusela. Aliyewahi kuugua saratani, mzee ambaye mgongo umeanza kumuuma kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50 na usiku haumpi nafasi hata akigeuka vipi, aliyeanguka, anayetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu: hao nao. Na kijana wa miaka 25 anayeamka mkakamavu kama ubao kwa zaidi ya nusu saa, kisha analegea akianza kutembea, aulizie ugonjwa wa baridi yabisi ya uti wa mgongo.

Nafasi ndogo kwa figo, maana Nairobi kila mgongo ni figo. Maumivu ya figo hukaa juu zaidi, chini ya mbavu, mara nyingi upande mmoja, na hayajali umekaa au umesimama. Huja na homa, au mkojo unaochoma, au wenye damu. Mgongo unaouma ukiinama kwenye karai na kutulia ukilala si figo, na lita tano za maji kwa siku hazitaugusa.

Kwa uchunguzi wa kwanza huhitaji kwenda mbali. Ukishajisajili na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, kwa simu ukibonyeza *147# au kwa msaada wa wahudumu wa afya wa mtaani, zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na ya 3 vinapaswa kukuhudumia bila malipo. Ukitafuta fizio wa binafsi, muulize leseni. Sheria ya mwaka 2014 iliunda baraza linalowasajili wataalamu hawa, na mwenye leseni hatachukia kuulizwa.

Hatua ya 2: Isome ile bahasha kwa akili

Diski, ule mto ulio kati ya pingili na pingili ya mgongo, haitoki. Si kifuniko cha soda kinachoruka. Imeshikana na mfupa wa juu na wa chini kwa nyuzi ngumu, na linalotokea ni kwamba ukuta wake huvimba upande mmoja, au hupasuka kidogo na ute wa ndani ukachomoza. Uchomozi huo mara nyingi hunywea wenyewe kwa miezi kadhaa, kwa sababu mwili huuona kama kitu kigeni na kuula.

Kisha kuna jambo ambalo ripoti ya MRI haikuambii. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za migongo ya watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Katika wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski "zilizochakaa". Katika wenye miaka 80, asilimia 96. Diski zilizovimba zilionekana kwa asilimia 30 ya vijana hao wa miaka 20, watu wanaocheza mpira na kulala usingizi mzuri. Ukichukua abiria wote wa matatu ya viti 33 ukawapiga picha, utapata bahasha nyingi za kutisha na migongo michache inayouma. Picha ni ya maana inapolingana na dalili za hatua ya kwanza, au na maumivu ya mguu yanayofuata njia ya neva moja. Vinginevyo inaonyesha mvi za ndani.

Basi kwa nini unaumwa? Mfikirie mbwa wa ploti. Wezi waliingia usiku mmoja, akabweka, sawa kabisa. Miezi sita baadaye wezi hawapo, lakini sasa anambwekea mpangaji, mtoto wa shule, hadi paka. Hajawa mwongo, amekuwa mwepesi kupita kiasi. Neva za mgongo uliouma muda mrefu huwa hivyo. Maumivu ni ya kweli, wala hujayatunga kichwani, ila hayapimi tena uharibifu. Mbwa huyo hutulizwa kwa kumpitisha watu karibu naye kila siku, kwa upole, hadi azoee. Kuua mbwa au kuhama ploti hakutakikani.

Hatua ya 3: Nunua daftari

Daftari la shule, la bei ya chini kabisa. Kwa siku tatu, andika mambo manne: dakika unazoweza kukaa, kusimama na kutembea, na kilo unazoweza kubeba kabla maumivu hayajapanda kwa alama mbili juu ya hali yako ya kawaida, ukihesabu kutoka 0 hadi 10.

Tuseme dereva wa boda boda ametembea dakika 20 siku ya kwanza, 35 ya pili, 15 ya tatu. Wastani ni dakika 23. Punguza moja ya tano, unabaki na 18. Hizo 18 ndizo dozi yake, na atazitembea kila siku ya wiki hiyo: siku mbaya 18, siku nzuri 18. Wiki ya pili anaongeza sehemu moja ya kumi, dakika 20. Wiki ya tatu 22.

Watu hunicheka hapa. "Fizio, dakika mbili?" Nawaambia wazidishe kwa wiki kumi na mbili. Lakini ugumu wa kweli uko kwenye siku nzuri, kwani ndiyo inayowaangusha. Mtu anaamka Jumamosi hana maumivu, anajiona amepona, anapanga nyumba upya, anabeba mtungi, Jumapili hatoki kitandani, na Jumatatu ananiambia mazoezi yamemharibu. Ukiwa na daftari utaliona gurudumu hilo kwenye karatasi, panda-shuka, panda-shuka, na ukishaliona mara mbili huna haja ya mimi kukueleza.

Kipimo cha kila siku: maumivu yakipanda hadi 4 wakati wa zoezi ni ruhusa, mradi asubuhi inayofuata yawe yamerudi pale yalipokuwa. Yakiwa bado juu asubuhi, rudi kwenye dozi ya wiki iliyopita. Usiache.

Hatua ya 4: Tembea

Hii ndiyo dawa rahisi kuliko zote na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Nchini Australia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024, watu wazima 701 waliokuwa wamepona karibuni maumivu ya mgongo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifundishwa kutembea, likilenga dakika 30 mara tano kwa wiki. Nusu ya hao ilikaa siku 208 au zaidi kabla maumivu hayajarudi. Kwa wasiofundishwa ilikuwa siku 112.

Msituni Karura ni pazuri, kivuli kingi na njia laini, ingawa kuingia unalipia. Kila nikipita mle humkumbuka Wangari Maathai, aliyepigwa mwaka 1999 akiutetea msitu huo usigawanywe viwanja. Aboretamu na Uhuru Park zinafaa kwa wanaofanya kazi mjini. Kwa wengi wetu wa Eastlands, dawa ni kushuka steji moja kabla. Daraja la watu la barabara ya Thika, unalopanda na kushuka, linahesabika kama mlima. Msimu wa mvua za masika, tope likijaa, tembea ndani ya ua au korido ya ploti kwa kuangalia saa.

Hatua ya 5: Mazoezi manne sakafuni

Tandika mkeka au blanketi. Usifanye ndani ya saa ya kwanza baada ya kuamka: diski hufyonza maji usiku, asubuhi zimejaa na kubana, na ndiyo maana kufunga kamba za viatu saa kumi na mbili ni kazi kuliko saa nne.

La kwanza nimelipata kwa Stuart McGill, profesa wa Canada aliyetumia miaka mingi kupima mzigo unaoingia kwenye uti wa mgongo. Lala chali, goti moja limekunjwa, mguu mwingine umenyooka. Weka viganja viwili chini ya kiuno, pale penye nafasi, ili kiuno kisilale bapa. Inua kichwa na mabega kidogo tu, kana kwamba mtu anapitisha karatasi chini yake. Hesabu hadi kumi huku ukipumua. Shuka.

La pili ni lake pia. Lala ubavu, jiegemeze kwenye kiwiko na magoti, inua nyonga hadi mwili unyooke kutoka goti hadi bega. Sekunde kumi kila upande. Wazee na wanaoumwa bega walifanye wakisimama, wameegemea ukuta kwa kiwiko.

La tatu: piga magoti na mikono kama anayepiga deki. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, mgongo usiyumbe. Nikiwa na kikombe cha plastiki chenye maji huwa nakiweka juu ya kiuno cha mgonjwa, na maji yakimwagika tunacheka na kuanza upya. Sekunde kumi, badilisha.

Kwa yote matatu, fanya mara sita, pumzika, mara nne, pumzika, mara mbili. Dakika kumi na tano zinatosha.

La nne linahusu wenye maumivu yanayoshuka mguuni, na linahitaji uangalifu. Mwaka 1956 huko New Zealand, fizio aitwaye Robin McKenzie alimwambia mgonjwa alale kifudifudi kwenye kitanda cha tiba, bila kujua kwamba upande wa kichwa wa kitanda kile ulikuwa umeinuliwa. Aliporudi alimkuta mtu amekunjwa kinyumenyume, mkao uliodhaniwa hatari enzi hizo, na mgonjwa akisema mguu umepoa kuliko wiki zote zilizopita. Kutoka hapo likazaliwa zoezi hili: lala kifudifudi dakika mbili, kisha inuka kwa viwiko dakika mbili, kisha sukuma kwa mikono, kiuno kikibaki chini, mara kumi. Fuatilia maumivu yanaelekea wapi. Yakitoka kwenye kigimbi cha mguu na kupanda pajani, kisha kukusanyika kiunoni, hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi, endelea, hiyo ni ishara nzuri. Yakishuka mbali zaidi mguuni, acha mara moja. Kuna migongo ambayo zoezi hili haliifai, hasa ya wazee ambao mfereji wa neva umekuwa mwembamba. Hao hupata nafuu wakiinama mbele, kwa mfano wakisukuma toroli ya sokoni.

Waislamu wananiuliza kama waache rukuu na sijida. Sijaona sababu. Kwa wengi ni mazoezi mazuri ya nyonga na magoti, mara nyingi kwa siku. Anayeumia ashuke polepole kwa kushika kiti, au aswali akiwa ameketi hadi apate nguvu, dini imeruhusu.

Hatua ya 6: Jifunze upya kuinama na kubeba

Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo riziki ya watu ilipo.

Mama mmoja wa kufua nguo mitaa ya Buruburu aliniletea mgongo wa miaka miwili. Alikuwa ameambiwa asiiname tena. Nikamuuliza: "Mama, na watoto watakula nini?" Akacheka kwa uchungu. Ushauri wa "usiiname" ni wa mtu mwenye mashine ya kufulia. Tulifanya haya.

Tulianza na fimbo ya mopu. Ishike wima mgongoni, iguse kisogo, katikati ya mabega, na mfupa wa chini kabisa juu ya makalio. Sasa inama kwa kusukuma makalio nyuma, kama unayefunga mlango wa choo kwa makalio huku mikono imebeba ndoo. Magoti yalegee. Fimbo ikiachana na mojawapo ya sehemu zile tatu, umekunja kiuno badala ya nyonga. Mara kumi, asubuhi na jioni, hadi mwili ukumbuke bila fimbo. Watoto wadogo hufanya hivi bila kufundishwa. Mtazame wa miaka miwili akiokota jiwe.

Kisha tukaliinua beseni. Aliliweka juu ya kreti mbili za soda zilizogeuzwa, akasimama mguu mmoja mbele, na kila baada ya nguo kumi akasimama wima, akaweka mikono kiunoni na kujinyoosha nyuma mara tano. Kukamua mablanketi kulikuwa ndiko kunakomuua, kwa sababu kiuno kinazunguka huku kimebeba. Tukabadilisha: blanketi linazungushwa kwenye bomba la kuanikia na kukamuliwa kwa mikono miwili mbele ya kifua.

Mwishoni tukafika kwenye kubeba. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo kila nyumba ya Nairobi ina seti kamili ya vyuma vya mazoezi: mtungi wa lita 3, wa lita 5, wa lita 10, na ule wa njano wa 20. Anza na ule usiokutisha. Simama karibu nao, uwe kati ya miguu yako na si mbele, inama kwa nyonga, inua, tembea hatua ishirini, weka chini kwa adabu ile ile. Mara tano kwa siku. Ongeza lita moja kwa wiki. Ukifikia lita 10 kila mkono, umebeba kilo 20 kwa usawa, na ndiyo sababu nasema mitungi miwili ya kumi ni afadhali kuliko mmoja wa ishirini upande mmoja. Ilimchukua mama yule miezi mitano. Bado anafua.

Wabeba mizigo wa soko la Wakulima na wasukuma mikokoteni wa Gikomba wana misuli kuliko mimi. Shida yao ni uchovu: mgongo huumia mzigo wa arobaini, si wa kwanza. Kwao nashauri kupumzika kabla ya kuchoka, na kuusukuma mkokoteni badala ya kuuvuta inapowezekana. Mliojeruhiwa kazini, toeni taarifa kwa mwajiri mapema na kwa maandishi. Sheria ya fidia ya majeraha ya kazini ya mwaka 2007 inawahusu, lakini kesi isiyo na karatasi haiendi mbali.

Hatua ya 7: Kiti, matatu, godoro

Hakuna mkao mmoja mzuri. Mkao mbaya ni ule uliokaa nao kwa saa tatu. Karani wa ofisi asimame kila nusu saa, hata kama ni kwenda kujaza chupa ya maji. Mama mboga anayekaa kwenye kigoda kifupi atafute kirefu zaidi, nyonga ziwe juu ya magoti. Askari wa lango anayesimama kwa saa 12 aweke mguu mmoja juu ya tofali na kubadilisha kila mara.

Kwenye matatu, kataa kiti cha nyuma kabisa. Pale uko nyuma ya ekseli na kila tuta linakurusha. Kaa katikati, kunja sweta uliweke nyuma ya kiuno, na ukiona tuta linakuja, kaza tumbo kidogo na uegemee mikono. Boda boda kwenye barabara iliyochimbika: shuka utembee hiyo sehemu, ni sehemu ya dozi yako.

Godoro: achana na habari ya kulala sakafuni au juu ya ubao. Wahispania walilipima jambo hili kwa watu 313, utafiti ukachapishwa mwaka 2003, na godoro la ugumu wa wastani likalishinda lile gumu. Kama godoro lako la sponji lina bonde katikati, ligeuze. Kama bonde liko pande zote mbili, anza kuweka akiba. Lala ubavu na mto katikati ya magoti, au chali na mto chini ya magoti. Kuamka, jiviringishe ubavu kwanza, miguu ishuke, mikono isukume.

Hatua ya 8: Dawa, mikanda, masaji

Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa maumivu sugu ya chini ya mgongo. Lilikubali mafunzo, mazoezi, kukandwa, tiba ya kisaikolojia, na vidonge vya jamii ya ibuprofeni. Likakataa mikanda ya kiuno, kuvutwa kwa mashine, na dawa kali za jamii ya afyuni, tramado ikiwemo.

Kuhusu mikanda najua nitaudhi wauzaji wa River Road. Ukivaa siku mbili za maumivu makali, haya. Ukivaa mwaka mzima unaishia na mgongo usioamini kwamba unaweza kusimama peke yake.

Ibuprofeni ya miligramu 400, baada ya chakula, isizidi mara tatu kwa siku, kwa siku chache za kukusaidia uanze kutembea. Mwenye vidonda vya tumbo, figo, presha, moyo, au mjamzito aulize kwanza. Ninachokiona sana ni diklofenaki: sindano leo, vidonge wiki nzima, na kila kemisti anaongeza ya kwake bila kujua ya mwenzake. Mchanganyiko wa dawa unaouzwa kwenye chupa isiyo na maandishi na kukupa nafuu ya ajabu kwa saa chache, usiuguse. Hujui ndani mna nini.

Masaji na hijama vikikutuliza, sawa, vitumie kama mlango wa kuingilia kwenye mazoezi. Ukitoka hapo ukalale, umelipia saa mbili za nafuu. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye leso hufanya karibu kazi ile ile kwa bei ya makaa.

Hatua ya 9: Usingizi na hofu

Mtu aliyelala kwa muda wa saa nne huumwa zaidi ya aliyelala kwa muda wa saa saba, kwa mgongo ule ule. Kabla ya kuongeza dawa, angalia kwenye daftari usiku uliotangulia siku zako mbaya. Mara nyingi utakuta kodi, karo, au ugomvi wa nyumbani.

Hofu nayo ina kazi yake. Orodhesha vitu vitano unavyoviogopa, kuanzia kidogo hadi kikubwa: kuinama kuvaa soksi, kumbeba mtoto, kupanda boda. Anza na cha kwanza, kila siku, hadi kikuchoshe. Ndipo uende cha pili.

Hatua ya 10: Siku ya kulipuka

Itakuja. Andika mpango nyuma ya daftari ukiwa na akili timamu: nusu ya dozi ya kutembea kwa siku mbili, joto dakika ishirini mara tatu, dawa kama daktari amekuruhusu, mazoezi mawili mepesi, hakuna kubeba. Siku ya tatu, robo tatu ya dozi. Ndani ya wiki umerudi. Kulala kitandani kusizidi siku moja au mbili, maana misuli hulegea haraka kuliko inavyojengeka.

Na kisu je?

Kina nafasi yake. Dharura tumeisema. Kingine ni mguu unaozidi kudhoofika, au maumivu makali ya neva mguuni yasiyopoa baada ya wiki kadhaa za tiba ya kweli. Uholanzi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, wagonjwa 283 wenye maumivu hayo ya mguu waligawanywa: wengine wapasuliwe mapema, wengine wasubiri wakitibiwa. Waliopasuliwa walipoa haraka zaidi. Baada ya mwaka, asilimia 95 ya kila kundi walikuwa wamepata nafuu, ingawa wawili hivi kati ya kila watano waliosubiri hatimaye walipasuliwa. Hilo ni la mguu. Kwa mgongo wenyewe bila mguu, upasuaji hautoi ahadi kama hiyo, na daktari wa upasuaji mwaminifu atakuambia.

Wiki ya 12 ikifika, linganisha ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Usiangalie maumivu kwanza, hayo hushuka nyuma ya kila kitu. Angalia dakika na kilo. Zikiwa zimepanda, endelea hivyo hivyo. Zikiwa pale pale licha ya kufuata dozi, tafuta fizio au daktari, na mpelekee daftari. Bahasha unaweza kuiacha nyumbani, akiitaka atakwambia.